Gari likikwaruzwa, kuna saa 24 za kupiga ripoti

Sheria ya Trafiki, Sura ya 403, humtaka dereva aliyehusika katika ajali, hata ya mkwaruzo tu, asimame na kutoa jina, anwani na nambari ya usajili wa gari akiulizwa. Asipovitoa, sharti apige ripoti kwa polisi kabla ya saa 24 kupita.

Wengi hupatana papo hapo kwa noti chache, bila kuandikiana. Aliyelipwa aweza kurudi akidai shingo inamuuma, na kampuni ya bima, ambayo kwa kawaida humkataza mteja kukiri kosa bila idhini yake, ikajivua lawama. Isitoshe, bima ya lazima chini ya Sura ya 405 hufidia kifo na majeraha, si bampa iliyobonyea.