Mshtakiwa asiye na fedha hupataje wakili?

MTU anayeshtakiwa kwa kosa la mauaji na kushindwa kumudu gharama za wakili hasimami kizimbani peke yake. Mahakama humpangia wakili wa kujitegemea wa kumtetea, na malipo ya wakili huyo hutolewa na serikali.

Lakini mwenzake anayekabiliwa na shtaka la unyang'anyi wa kutumia silaha, ambalo adhabu yake haipungui kifungo cha miaka 30 jela, mara nyingi hujitetea mwenyewe, hata kama hajui kusoma wala kuandika. Tofauti hiyo huwachanganya wananchi wengi ambao ndugu zao wamefikishwa mahakamani.

Msingi wa suala hili ni Katiba ya Jamhuri ya Muungano wa Tanzania ya mwaka 1977. Ibara ya 13(6)(a) inampa kila mtu haki ya kusikilizwa kwa ukamilifu pamoja na haki ya kukata rufani. Hata hivyo, ibara hiyo haitaji moja kwa moja haki ya kupewa wakili bila malipo.

Pengo hilo limekuwa likizibwa na sheria za kawaida. Kwa upande wa Tanzania Bara, Bunge lilitunga sheria ya msaada wa kisheria katika mashauri ya jinai mwaka 1969. Sheria hiyo ilifutwa na nafasi yake kuchukuliwa na Sheria ya Msaada wa Kisheria ya mwaka 2017. Zanzibar ina sheria yake, iliyotungwa mwaka 2018.

Kwa mujibu wa sheria ya mwaka 2017, jaji au hakimu anayesikiliza shauri la jinai hutazama mambo mawili. La kwanza ni iwapo maslahi ya haki yanadai mshtakiwa awe na wakili katika utetezi au rufani yake. La pili ni iwapo mshtakiwa hana uwezo wa kumlipa.

Masharti hayo hayabagui aina ya kosa. Ugumu uko katika utekelezaji, kwani katika mahakama za wilaya na za hakimu mkazi, ambako unyang'anyi na ubakaji husikilizwa, ni nadra wakili kupangwa kwa gharama za serikali. Mashauri ni mengi, na fedha pamoja na mawakili havitoshi.

Suala hilo liliwahi kuamuliwa na Jaji James Mwalusanya wa Mahakama Kuu, Dodoma, katika hukumu iliyochapishwa kwenye ripoti za sheria za mwaka 1992. Alisema mshtakiwa maskini anayekabiliwa na kosa kubwa ana haki ya kikatiba ya kupewa wakili, na anapaswa kuelezwa kwamba haki hiyo ipo.

Nchini Kenya, ibara ya 50 ya Katiba ya mwaka 2010 inaitaka serikali impe mshtakiwa wakili endapo bila hivyo atatendewa dhuluma kubwa. Mwaka 2017 Mahakama ya Juu ya nchi hiyo iliamua kuwa haki hiyo haiji yenyewe tu, bali hupimwa kwa uzito wa shtaka, ukali wa adhabu, umri na elimu ya mshtakiwa, na uwezo wake wa kifedha.

Katika kesi za mauaji nchini Tanzania, kwa kawaida wakili hupangwa shauri linapofika Mahakama Kuu. Kabla ya hapo mshtakiwa huwa amekaa mahabusu kwa muda mrefu, kwa kuwa kosa hilo halina dhamana. Maelezo yake ya onyo polisi nayo huwa yameshaandikwa, mara nyingi bila wakili kuwapo.

Wapo mawakili wanaokutana na mteja wao kwa mara ya kwanza siku ya kesi, na malalamiko kuwa malipo ya serikali ni madogo ni ya siku nyingi. Kwa kosa ambalo adhabu yake ni kunyongwa hadi kufa, mazungumzo ya dakika chache hayatoshi.

Ni vyema pia kuondoa dhana moja potofu. Wakili anayelipwa na serikali kumtetea mshtakiwa si Wakili wa Serikali. Wakili wa Serikali huendesha mashtaka kwa niaba ya Jamhuri, wakati wakili aliyepangwa humtumikia mteja wake na analazimika kutunza siri zake. Mshtakiwa anayemficha ukweli wakili huyo hujiumiza mwenyewe.

Mshtakiwa asiye na uwezo anashauriwa kumweleza jaji au hakimu hali yake mapema, kabla mashahidi hawajaanza kutoa ushahidi, na kuomba ombi hilo liandikwe kwenye kumbukumbu za shauri. Aliye gerezani anaweza kulipeleka kupitia ofisi ya mkuu wa gereza.

Ndugu wanaweza pia kuwaona wasaidizi wa kisheria, ambao wanatambuliwa na sheria ya mwaka 2017. Hao hutoa elimu na ushauri bila malipo, lakini hawaruhusiwi kumwakilisha mtu mahakamani. Kazi hiyo imebaki kuwa ya wakili, na kumwomba mapema ni haki ya mshtakiwa.