Bahili Aliyegeuka Usiku wa Noeli

Kila mwaka, Noeli inapokaribia, hadithi ya mzee Scrooge husimuliwa tena katika nchi nyingi. Watu huucheka ubahili wake, huufurahia mwisho wake mwema, kisha huenda kula. Je, tumeielewa? Tuanze na yule aliyeiandika.

Charles Dickens alizaliwa Uingereza mwaka 1812. Mwaka 1824 baba yake alitiwa gerezani huko London kwa ajili ya madeni. Charles, mtoto wa miaka 12, alikuwa akifanya kazi katika kiwanda cha rangi ya viatu, akibandika karatasi juu ya vyombo vya rangi kutwa nzima, kwa shilingi 6 kwa juma. Alipokuwa mtu mashuhuri, aliificha habari hiyo kama mtu anavyoficha kidonda.

Siku zile viwanda viliitajirisha Uingereza, lakini watoto wengi waliteseka. Mwaka 1842 wajumbe wa serikali walieleza jinsi watoto walivyovuta makaa katika giza la machimbo. Tena, kwa sheria ya mwaka 1834, maskini walioomba msaada walipelekwa katika nyumba za kazi, na humo mume alitengwa na mkewe. Dickens alikasirika, akataka kuandika kijitabu cha kuwatetea watoto wa maskini. Mwezi wa Septemba 1843 alitembelea shule ya watoto fukara mjini London. Akaona kwamba hadithi itaingia moyoni kupita maneno ya hoja. Kwa muda wa majuma 6 hivi aliimaliza. Kitabu kilitoka tarehe 19 Desemba 1843, na nakala 6,000 za kwanza zilikwisha kabla ya Noeli.

Basi, Scrooge ni mtu gani? Si mwizi wala mlevi. Karani wake, Bob Cratchit, hupata shilingi zake 15 kila juma. Sheria haina neno juu yake. Lakini haoni watu. Alipoombwa sadaka kwa ajili ya maskini, aliuliza kama magereza na nyumba za kazi hazipo tena.

Usiku ule alitokewa na Marley, mwenzake wa biashara aliyekufa miaka 7 iliyopita, amefungwa mnyororo wa visanduku vya fedha, funguo na vitabu vya hesabu. Mnyororo huo aliufua mwenyewe alipokuwa hai. Tusihangaike kwa sababu ya mizimu hiyo. Mwandishi hafundishi kuwaita wafu; anatoa mfano.

Roho ya kwanza ilimwonyesha Scrooge mtoto mmoja aliyeachwa peke yake shuleni siku za Noeli. Mtoto huyo ni yeye mwenyewe. Scrooge akalia. Mara akamkumbuka mvulana aliyeimba mlangoni pake jana, naye hakumpa kitu. Hapo ndipo moyo wake ulipoanza kulainika, kabla hajaliona kaburi lake. Anayesahau machozi ya utoto wake hawezi kumwona mtoto aliye mlangoni. Dickens alilijua jambo hili kwa maisha yake mwenyewe.

Kulipokucha, Scrooge aliwapelekea akina Cratchit bata mzinga mkubwa, akatoa fedha kwa maskini, akaenda kanisani, akala pamoja na mpwa wake aliyekuwa akimdharau. Wengi wetu huikomesha hadithi hapo. Lakini tutazame kesho yake. Sikukuu imekwisha, karani amechelewa kazini, naye anangoja kukaripiwa. Scrooge akamwongezea mshahara! Tena akaahidi kuisaidia jamaa yake, akawa kama baba wa pili kwa Tim, mtoto wao kilema.

Dickens hakuwa Mkatoliki, lakini hapa tunamkumbuka Zakayo wa Injili ya Luka. Bwana Yezu alipoingia nyumbani mwake, Zakayo aliahidi kuwapa maskini nusu ya mali yake, na kumrudishia mara nne kila mtu aliyemdhulumu. Kugeuka kwake kulionekana katika hesabu zake.

Ndugu wapenzi, sadaka ya Noeli ni njema. Lakini tujiulize: tarehe 26 Desemba, yule anayetufanyia kazi atakuta nini kwetu? Nyimbo zikiisha kuimbwa, jibu la swali hilo ndilo litakaloonyesha kama mioyo yetu imegeuka.