Kanieneo Sawa: Jinsi Bia ya Kegi Inavyorudi Chupani

Mmarekani anayejitengenezea bia nyumbani kwa kawaida huanza na chupa. Bia ikishachacha, lita 19 hivi kwa mkupuo mmoja, huitia sukari kidogo, huijaza kwenye chupa zipatazo 50, huzipiga vizibo, kisha husubiri wiki mbili au tatu. Chachu iliyobaki hula ile sukari na kutoa gesi ya kabonidayoksaidi, na gesi hiyo, kwa kukosa pa kutokea, huyeyukia ndani ya bia. Kuosha chupa 50 si mchezo, lakini chupa ina sifa moja: inagawika. Rafiki akipita jioni huondoka na nne, na deni lake ni kuzirudisha tupu, zimesuuzwa.

Kugawa ndiko hasa kulikoachiwa nafasi na sheria. Tangu mabadiliko aliyoyatia saini Rais Jimmy Carter mwaka 1978, sheria ya shirikisho inaruhusu galoni 100 kwa mwaka bila kodi, au 200 kwa nyumba yenye watu wazima wawili na zaidi, ila si ya kuuza. Inayozidi ni ya kunywesha watu.

Halafu mtu anachoka na chupa, ananunua kegi. Nasema kegi kwa sababu pipa kwetu ni lile la maji, la lita 200. Wakenya wamelizoea neno hili tangu Senator Keg ilipoingia sokoni mwaka 2004, ingawa vinywani mwa wengi limekuwa jina la bia kuliko la chombo. Kegi ya mtengenezaji wa nyumbani ni mtungi mwembamba wa chuma kisichoshika kutu, uliobuniwa kwa ajili ya soda. Viwanda vya soda vilipohamia kwenye mifuko ya sharubati, mitungi mingi ikaishia mikononi mwa wapika bia. Bia yote inaingia humo, unaunganisha mtungi wa gesi, unaweka kwenye friji, basi.

Sasa rafiki akipita anaondoka na nini? Kegi iliyojaa inazidi kilo 20. Ukikinga chupa chini ya bomba, nusu inajaa povu, na bia inayobaki chini yake imekwisha kupooza kabla haijafika kwake. Sababu ilielezwa na mkemia Mwingereza William Henry mwaka 1803: kiasi cha gesi kinachoyeyuka kwenye kimiminika hulingana na kanieneo ya gesi hiyo juu yake. Ndani ya kegi yenye baridi ya nyuzi 4, bia inasukumwa na kanieneo ya pauni 12 hivi kwa inchi mraba. Ikitumbukia kwenye chupa iliyo wazi, kile kilichokuwa kikiizuia gesi kinatoweka ghafla, nayo gesi inatoka kwa fujo.

Kanieneo ni istilahi ya wanafizikia wetu, kani juu ya eneo, na ninaipenda kwa sababu inajieleza yenyewe. Shinikizo nalo linafaa. Presha tuiachie zahanati. Ukimwambia mtu mtaani kwamba bia ina presha, atauliza inameza dawa gani.

Dawa ya povu ni kifaa ambacho Kiingereza hukiita kwa jina lenye maana ya kujaza dhidi ya kanieneo. Mfasiri mwenye haraka ataandika “ujazaji kwa kanieneo pinzani”, na msomaji atadhani kuna nguvu mbili zinazopigana. Hakuna ugomvi humo. Kwanza chupa iliyopozwa hupulizwa gesi ili hewa itoke, kisha huzibwa na kujazwa gesi hadi kanieneo yake ilingane na ya kegi. Hapo ukifungua njia ya bia, haiendi popote, kwa kuwa pande zote mbili ziko sawa. Unalegeza tundu dogo, gesi ya chupani inavuja polepole, na bia inapanda kutoka chini bila kushtuka. Ikijaa unafunga njia ya bia, unaiacha itulie, unatoa mrija na kupiga kizibo juu ya povu lile jembamba, maana povu huifukuza oksijeni inayoifanya bia iwe na ladha ya boksi lililolowa.

Kwa hiyo napendekeza “ujazaji kwa kanieneo sawa”. Jina lifuate kinachotendeka, hata kama halifanani na la Kiingereza. Wengi hata hawanunui kifaa: huchomeka mrija mgumu kwenye bomba, wakavisha kizibo cha mpira kinachobana mdomo wa chupa, wakawa wanakilegeza kwa kidole. Kanuni ni ileile.

Chupa iliyojazwa hivi haina mashapo ya chachu, na wageni huipenda kwa uangavu wake. Lakini kwa kuwa chachu hai iliyomo ni chache, oksijeni iliyopenya haina wa kuila. Ukipewa moja, iweke kwenye baridi, inywe ndani ya wiki chache, na chupa uirudishe.