Safu ya Lugha: Tokosa, usichemshe

Maelekezo ya kupika mapeasi katika divai nyekundu, kitindamlo cha Kifaransa, yakiandikwa kwa Kiswahili husema "chemsha mapeasi". Kitenzi hicho kinampotosha mpishi. Kinachochemka ni kioevu: divai ikitibuka kwa mapovu, tunda humeguka. Kutokosa ni kuivisha chakula ndani ya kioevu, ndiyo maana mihogo na mahindi hutokoswa. Utauliza, mbona mayai huchemshwa? Yai lina ganda la kulikinga. Peasi lililomenywa halina. (Nasema peasi kwa makusudi, maana wapo waitao parachichi pea.) Basi andika: tokosa mapeasi kwa moto mdogo pamoja na sukari na mdalasini, yaopoe, kisha chemsha divai iliyobaki hadi iwe nzito.