Ekseli ya nyuma ya Land Rover: historia ya chuma kilichokatika milimani

Mashariki mwa Congo, wazee wengi waliijua Land Rover kwa mlio wake kabla hata ya kuiona. Gari la misheni, gari la daktari, gari la shamba. Wanaikumbuka pia ikiwa imesimama pembeni mwa barabara kwenye mlima, abiria wameshuka na mizigo yao, na dereva amelala chini ya gari akichomoa chuma kirefu kilichokatika upande mmoja. Chuma hicho ndicho shafti ya pembeni ya ekseli ya nyuma, na katika Land Rover za zamani kilikatika mara nyingi kiasi kwamba dereva mwenye akili hakutoka nyumbani bila kingine cha akiba.

Gari lenyewe lilizaliwa kutokana na uhaba. Baada ya Vita Kuu ya Pili, kampuni ya Rover ya Uingereza ilikuwa na kiwanda lakini haikuwa na chuma cha kutosha. Mhandisi wake mkuu, Maurice Wilks, alikuwa akitumia Jeep ya jeshi la Marekani kwenye shamba lake huko Wales, akaona kwamba gari la namna hiyo lingeuzwa. Land Rover ya kwanza ikaonyeshwa kwenye maonyesho ya magari ya Amsterdam, mwisho wa Aprili 1948. Bodi ilikuwa ya alumini, na injini ilikuwa ndogo ya lita 1.6. Ekseli zilitoka kwenye utaalamu wa magari madogo ya kifahari ya Rover, na hapo ndipo mambo yalipoanzia. Kwa injini ile ya kwanza zilitosha.

Wabelgiji nao waliipenda. Kuanzia 1952 kampuni ya Minerva ya Antwerp iliiunda kwa leseni kwa ajili ya jeshi la Ubelgiji, ikiwa na bodi ya chuma badala ya alumini. Kwa upande wa Kivu, safari moja inajulikana dunia nzima. Januari 1967 Dian Fossey, Mmarekani aliyekuja kuchunguza sokwe wa milimani, alitoka Nairobi na Land Rover kuukuu aliyoipa jina Lily, akaja kupiga kambi Kabara, chini ya mlima Mikeno. Julai mwaka huohuo, wakati wa uasi, wanajeshi walimshusha mlimani na kumzuia Rumangabo. Alitoroka na gari hilohilo hadi Kisoro, Uganda. Familia zilizokimbia kupitia njia za huko zinajua maana ya gari kutokatika siku kama hiyo.

Kwa nini ilikatika? Ndani ya ekseli ya nyuma kuna difu, yaani kundi la gia linalogawa nguvu za injini kwa magurudumu mawili ili moja liweze kuzunguka haraka kuliko jingine kwenye kona. Kutoka kwenye difu zinatoka shafti mbili, moja kila upande. Mwaka 1958 Rover ilileta injini ya petroli ya lita 2.25, yenye nguvu zaidi, na gari refu la inchi 109 likabeba mzigo mkubwa zaidi. Lakini shafti zilibaki nyembamba, zenye meno 10 tu mwishoni, pale zinapoingia kwenye difu. Hapo penye meno ndipo zilipokatika. Mara nyingi haikuwa nguvu ya polepole iliyozivunja bali mshtuko: gurudumu linazunguka bure kwenye tope, ghafla linakamata jiwe, na nguvu zote zinarudi kwenye chuma kimoja chembamba.

Madereva wengi walijitafutia shida wenyewe. Land Rover hizo, zikiwa kwenye mwendo wa kawaida, zilisukumwa na magurudumu ya nyuma peke yake mpaka dereva abonyeze kitufe cha njano. Aliyengoja mpaka akwame katikati ya mlima ndipo akibonyeze alikuwa amekwisha kuibebesha ekseli moja kazi ya mbili.

Shafti ikikatika, gurudumu halitoki. Katika Land Rover za Series II na III gurudumu linabebwa na beringi zake juu ya bomba la ekseli. Shafti kazi yake ni kuzungusha tu. Magari mengi madogo ya abiria hayako hivyo: humo shafti yenyewe ndiyo hubeba gurudumu, na ikikatika gurudumu linaweza kwenda zake. Lakini Land Rover ina hatari yake ya siri. Breki ya mkono haiko kwenye magurudumu. Iko nyuma ya gia, inashika propela. Shafti moja ikikatika, na kitufe cha njano hakijabonyezwa, breki hiyo haishiki kitu. Injini nayo haizuii tena gari kwenye mteremko. Breki ya mguu tu ndiyo inabaki. Ndiyo maana mtu wa kwanza kushuka alikuwa na kazi moja, kuweka jiwe nyuma ya gurudumu kabla ya mama na watoto kuanza kushuka.

Dawa iliyopatikana ilikuwa ekseli ya kampuni nyingine. Salisbury ni jina la Kimarekani, lakini ekseli hizo zilitengenezwa Birmingham, na difu za jina hilo zilitumika hata kwenye Jaguar. Ilikuwa na bomba nene, shafti nene na difu kubwa. Mwanzoni mwa miaka ya 1970 Rover yenyewe ilianza kuifunga nyuma ya Series III ndefu. Mafundi wakaelewa upesi: ekseli hiyo, ikitoka kwenye gari lililoanguka, ingeweza kuingia kwenye gari la zamani zaidi. Uwiano wa gia zake ulikuwa uleule wa 4.7, kwa hiyo ekseli ya mbele haikuguswa.

Kazi yenyewe haikuwa ndogo. Pua ya difu ya Salisbury ni ndefu, hivyo propela lazima ifupishwe. Bomba ni nene, hivyo yubolti za springi za zamani hazitoshi. Vikalio vya springi vikichomelewa kwa pembe isiyo sahihi, propela itatetemeka na kuua viungo vyake. Mafuta nayo yanaongezeka, lita 2.5 badala ya 1.75.

Kuna kitu kilichopotea pia. Difu ya zamani ya Rover ilitoka yote kwa mbele kama kifurushi, na fundi aliyezoea aliibadilisha kandokando ya barabara. Ya Salisbury imefungwa ndani ya nyumba yake na inataka vipimo vya garaji. Haivunjiki kirahisi, lakini ikivunjika, gari linalala. Wengine walichagua njia ya kati: kubaki na ekseli ya zamani na kutia shafti za chuma bora, kama zile za Maxi-Drive ya Australia.

Kosa baya zaidi, hata hivyo, lilikuwa la hesabu. Mwenye gari aliyefunga Salisbury aliamini sasa anaweza kupakia zaidi. Ekseli ilibadilika, lakini breki za mbele zilikuwa zilezile, chasi ileile, mara nyingi tayari na kutu. Magodoro, sufuria, mbuzi na watu kumi na watano juu yake havikupungua uzito kwa sababu ya chuma kipya chini.

Series III iliisha kutengenezwa 1985. Kabla ya hapo, 1983, ilikuja Land Rover ya 110, nayo pia ilifungwa Salisbury nyuma, na hapa mafundi wengi waliteleza. Kwa nje nyumba ya difu inafanana, lakini ya 110 ina uwiano wa 3.54. Ukiifunga kwenye gari la zamani, siku utakayobonyeza kitufe cha njano magurudumu ya mbele na ya nyuma yatavutana mpaka gia au shafti ya mbele ikatike. Kupima ni rahisi, hata ekseli ikiwa sakafuni sokoni: shika gurudumu au habu ya upande mmoja isizunguke, zungusha ya upande wa pili mara mbili kamili, na hesabu mizunguko ya pua ya difu. Karibu mitano kasoro kidogo, ni ya gari la zamani. Mitatu na nusu, mrudishie mwenyewe.