Kisu cha Mwanajeshi Mbele ya Forodha

Mwanajeshi wa Marekani anayerejea kwao kutoka ng'ambo huweza kuona kichekesho afisa forodha anapomnyang'anya kisu cha springi, ilhali serikali hiyohiyo ndiyo iliyomkabidhi bunduki. Naona hakuna kichekesho hapo. Msamaha wa sheria hakupewa mvaa sare. Ilipewa kazi aliyotumwa. Sheria ya Marekani ya mwaka 1958 kuhusu visu vya springi huwatoa wanajeshi katika katazo lake pale tu wanapotekeleza wajibu wao. Sheria hiyohiyo, na hili ni la kuzingatiwa, humruhusu mtu mwenye mkono mmoja kubeba kisu cha aina hiyo chenye ubapa usiozidi inchi 3, wala haimuulizi yuko kazini au likizoni. Kwake msamaha unafuata mwili. Kwa mwanajeshi unafuata amri. Mkataba wa NATO kuhusu hadhi ya majeshi, uliotiwa saini London mwaka 1951, una mantiki hiyohiyo: Ibara ya 6 inamruhusu mwanajeshi kubeba silaha iwapo amri zake zinamruhusu, na Ibara ya 11 inawapa maafisa forodha wa nchi mwenyeji haki ya kumpekua, kukagua mizigo yake na kukamata vilivyokatazwa.

Wapo watakaouliza: aliyeaminiwa bunduki ataogopewaje kwa kisu? Swali hili linapima tabia ya mtu, na forodha haipimi tabia. Bunduki ya jeshi ina namba, ina ghala inakorudishwa, na ina kamanda atakayeulizwa ikipotea. Kisu kilichonunuliwa sokoni kwa fedha za mfukoni hakina hata kimoja kati ya hivyo, hata kama mnunuzi ni mwaminifu kuliko sote. Wala ukaguzi wa forodha usichanganywe na ule wa usalama, unaouliza tu kama kitu kinafaa kukaa kabini. Mwezi Machi 2013 mamlaka ya usalama wa usafiri ya Marekani, TSA, ilitangaza kuruhusu kabini visu vidogo vyenye ubapa usiozidi sentimita 6. Juni ikaufuta mpango huo baada ya wahudumu wa ndege na wengine kupinga. Kisu halali nchini bado hupakiwa na mizigo ya chini.

Pingamizi lenye uzito zaidi ni kwamba mpaka kati ya kifaa cha kazi na mali binafsi hauonekani. Wanajeshi hujinunulia vifaa na kuvitumia kazini kwelikweli, na afisa aliye mezani hana namna ya kujua kipi ni kipi. Hilo ni kweli, lakini dawa yake haiko kwa afisa. Kumtaka akisie kwa kutazama sare ni kumpa mamlaka ambayo sheria haikumpa. Kamanda anayetia saini amri ya safari ndiye ajuaye kazi inahitaji nini. Basi na aviorodheshe vifaa hivyo humo, kisu kwa kisu, kabla kikosi hakijaondoka kambini.