Panya Vibete na Swichi ya Pituitari

Mwaka 1929 Mmarekani kijana, George Snell, aliandika habari za panya waliozaliwa sawa na ndugu zao, kisha wakadumaa wakiwa wachanga na kubaki vibete. Aligundua kwamba panya hupata kilema hicho akikirithi kwa baba na mama wote wawili. Kosa lenyewe lilikuwa wapi? Jibu lilichukua miaka 61.

Lilitoka San Diego. Mwaka 1988 maabara mbili za chuo kikuu kimoja, ya Michael Rosenfeld na ya Michael Karin, zilinasa protini ileile. Mmoja aliiita Pit-1, mwingine GHF-1. Hukaa ndani ya pituitari, tezi iliyo chini ya ubongo, ndogo kama punje ya njegere. Protini hiyo huishika DNA na kuziwasha jeni za homoni tatu: ya ukuaji, prolaktini inayoleta maziwa ya mama, na TSH inayoiamsha tezi ya thairoidi shingoni. Mwaka 1990 ikathibitika: kwa panya wa Snell, asidi amino moja tu ya Pit-1 ilikuwa imebadilika. Moja tu, na homoni zote tatu zikatoweka! Nafurahi kwamba mzee Snell, akiwa na miaka 86, alikuwa hai jibu lilipopatikana.

Kama swichi imejulikana, kwa nini isizimwe kwa dawa pale homoni zinapozidi? Dawa tulizo nazo hupita njia nyingine. Bromokriptini huiga dopamini na kuibana prolaktini. Somatostatini, iliyogunduliwa mwaka 1973, ilizaa dawa za kuzuia homoni ya ukuaji isitoke kwenye tezi. Pegvisomanti, iliyoidhinishwa Marekani mwaka 2003, huiacha homoni itoke, ila huiziba mlangoni mwa seli inayoipokea.

Pit-1 yenyewe ni ngumu kushikwa. Vimeng'enya vingi vina kishimo ambamo kemikali ndogo hujipachika. Protini hii huikumbatia DNA kwa uso mpana, na kemikali hukosa pa kung'ang'ania. Tena ukiizima umezima homoni tatu kwa mpigo, hata ile ambayo mgonjwa anaihitaji.

Hata hivyo kazi ya kuitafutia Pit-1 kizuizi isiachwe. Mwaka 2010 watafiti wa Santiago de Compostela, Hispania, walionyesha kwamba Pit-1 ikizidi katika seli za saratani ya matiti huusaidia uvimbe kukua na kusambaa. Kizuizi chake kimeendelea kutafutwa maabara, lakini hakuna hata kimoja kilichoidhinishwa kuwa dawa ya mgonjwa.